Kilo mbili tu, lakini zimehamia mkiani

Swali

Shikamoo Injinia. Mimi na wenzangu wawili tuna Cessna 172N, ndege ndogo ya siti nne, tunailaza Terminal One pale uwanja wa ndege wa JNIA. Mwezi uliopita fundi alitufungia redio ya HF, ile ya mawasiliano ya masafa marefu, kwa ajili ya safari za kusini. Kisanduku chake kizito amekifunga nyuma kabisa, sehemu ya mizigo, kisha akaondoa ADF ya zamani, kifaa cha redio cha kuonyesha mwelekeo, kwenye dashibodi. Tulipomuuliza kuhusu karatasi ya uzito, inayoonyesha uzito wa ndege na mahali ulipokaa, akajibu, "Tumetoa, tumeweka, tofauti ni kilo mbili na ushee, haina haja." Akaruka na mwenzetu mzunguko mmoja, ndege ikawa shwari. Lakini juzi nilipeleka ndugu zangu wawili Kilwa. Walitaka kukaa pamoja nyuma, mabegi yao nayo nyuma. Wakati wa kunyanyuka pua ilikuwa nyepesi mno, na njiani trimu, ile gurudumu ya kuishikilia pua bila kusukuma usukani, niliipeleka chini kuliko nilivyozoea. Ni mawazo yangu, au kuna kitu?

Msomaji, Dar es Salaam

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Si mawazo yako. Kuna kitu, na nakuomba wewe na wenzako msibebe tena mtu siti za nyuma hadi karatasi ya uzito iandikwe upya. Nitakuonyesha kwa hesabu, kwa sababu hiyo kauli ya "tumetoa, tumeweka" naisikia kila mara kwenye mahanga yetu, na inadanganya watu wazima wenye leseni.

Fundi wenu amejumlisha kilo, na kwenye kilo yuko sahihi. Ambacho hakukigusa ni mahali kilo hizo zilipokaa. Mwendesha bodaboda analijua hili bila kusoma: gunia likiwa juu ya tangi pikipiki inatii usukani, gunia lile lile likining'inia nyuma ya keria tairi la mbele linaelea. Kwenye ndege tunalipima hilo kwa momenti, yaani uzito mara umbali wake kutoka mstari wa sifuri. Kwa 172 mstari huo ni uso wa mbele wa ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Ukijumlisha momenti zote ukagawa kwa uzito wote, unapata kitovu cha uzito, ile CG yetu ya kila siku.

Kwa kuwa karatasi yenu sijaiona, nachukua tarakimu za mfano zinazofanana na za 172N nyingi. Tuseme kabla ya kazi hiyo ndege ilikuwa na uzito mtupu, yaani bila watu, mizigo wala petroli, wa pauni 1,440 na CG yake inchi 39.0. Momenti ni 56,160. ADF iliyotoka ilikuwa pauni 8, umbali wa inchi 14, kwa hiyo imeondoka na momenti 112 tu. Kisanduku cha HF ni pauni 13, karibu kilo sita, na kimekaa inchi 125. Hicho peke yake kimeleta momenti 1,625. Uzito mpya ni pauni 1,445 na momenti 57,673. Gawa: CG imefika inchi 39.91.

Pauni zilizoongezeka ni 5, yaani kilo 2.3 alizosema fundi. Lakini CG imerudi nyuma karibu inchi nzima. Kwenye uzito wa juu kabisa wa 172N, pauni 2,300, nafasi yote inayoruhusiwa ni kuanzia inchi 38.5 hadi 47.3. Hiyo ni inchi 8.8. Ndege yenu ikiwa tupu, kabla hata rubani hajapanda, imesogea umbali unaozidi sehemu moja ya kumi ya nafasi hiyo, ingawa ikishapakiwa badiliko hilo linapungua. Na angalia kilichofanya hivyo: kutoa kitu mbele kunaisukuma CG nyuma, na kuweka kitu nyuma kunaisukuma nyuma vilevile. Kwenye kilo vitu hivyo viwili vinapunguzana. Kwenye CG vinasaidiana.

Sasa turudi kwenye safari yako ya Kilwa. Nakadiria wewe mbele peke yako pauni 190, ndugu wawili nyuma jumla pauni 360, mabegi pauni 80, na petroli pauni 150, ambayo ni kama lita 95. Siti ya mbele iko inchi 37, ya nyuma 73, eneo la kwanza la mizigo 95, matangi 48. Kwa karatasi ya zamani unapata pauni 2,220 na CG ya 46.97. Umepita, ingawa kwa kubana. Kwa hali halisi ya ndege ilivyo leo unapata pauni 2,225 na CG ya 47.54. Mwisho wa nyuma ni 47.3, kwa uzito wowote. Umeruka nje ya mipaka huku karatasi ikikuambia uko ndani.

Usifikiri petroli ikipungua mambo yananyooka. Matangi ya 172 yako karibu kabisa na CG, kwa hiyo ukifika Kilwa na matangi makavu bado ungekuwa 47.51. Kwa ndege hii kosa unaloondoka nalo ndilo unalotua nalo.

Kwa nini basi ile ruka ya majaribio ilikuwa shwari? Walikuwa wawili mbele, nyuma hamna mtu. Kwa mpangilio huo 172 huwa inaelemea puani, kwa hiyo CG kurudi nyuma kidogo inaifanya hata ipendeze mkononi. Mtu anashuka anasema imekuwa tamu zaidi. Kuruka namna hiyo hakupimi kitu, kwa sababu tatizo linakaa kwenye upande mwingine wa mipaka, siku ya watu nyuma na mabegi.

Niseme pia kile ulichokihisi maana yake nini, kwa sababu kinanitia wasiwasi kuliko tarakimu. Mkia wa ndege hufanya kazi ya kusukuma chini ili pua isianguke. CG ikirudi nyuma, kazi hiyo inapungua, na ndege inapoteza ile tabia yake ya kujirudisha yenyewe ikitikiswa. Usukani unakuwa mwepesi, pua inapanda kwa nguvu ndogo, trimu inadai kwenda chini. Ukipita zaidi, bawa likikatikiwa mnyanyuko, ile stoli, pua haishuki yenyewe kama ulivyofundishwa, na ndege ikiingia kwenye mzunguko wa spini huenda usukani wote ukausukuma mbele isitoke. Haya hayatokei ukiwa juu unaangalia bahari. Yanatokea futi mia chache baada ya kunyanyuka, pua iko juu, kasi ndogo.

Tarehe 8 Januari 2003 huko Charlotte, Marekani, ndege ya abiria aina ya Beech 1900D ilinyanyuka, pua ikaendelea kupanda bila rubani kuweza kuishusha, ikaanguka. Watu wote 21 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulikuta kebo za mkiani zilifungwa vibaya kwenye matengenezo hivyo usukani haukuwa na safari yake kamili ya kushusha pua, na juu ya hapo ndege ilikuwa nzito kupita kiasi na CG yake iko nyuma ya mpaka. Uzito wa abiria ulikuwa umechukuliwa kwa makadirio ya kitabuni. Marubani waliamini karatasi. Nataja ajali hiyo kwa sababu ndani yake kazi ya fundi na hesabu ya uzito vilikutana kwenye mruko mmoja, na hapo Terminal One vinakutana kila asubuhi.

Upande wa pili wa mipaka nao una madhara yake, nitapita haraka. Injini nzito zaidi au propela ya panga tatu badala ya mbili huivuta CG mbele. Ndege inadai kasi kubwa zaidi isikatikiwe mnyanyuko, usukani unakuwa mzito kwenye kutua, na tairi la pua linagonga lami kabla ya wakati. Kuna mtego pale: propela iko mbele ya mstari wa sifuri, kama inchi 38 hivi, kwa hiyo umbali wake ni hasi. Ukiandika chanya kwa bahati mbaya, karatasi itakuonyesha CG karibu haijasogea wakati kweli imeenda mbele. Mtego mwingine wa hapa kwetu ni kuchanganya vipimo. Mizani ya dukani inasoma kilo, kitabu cha Cessna kinasoma pauni na inchi. Nimeshika karatasi ambayo mstari mmoja ni kilo mara inchi na mingine yote ni pauni mara inchi, na jumla yake ikagongwa mhuri.

Kuna kiwango kidogo ambacho kweli hakihitaji hesabu mpya. Mwongozo wa Marekani kwa mafundi unasema kwa ndege yenye uzito mtupu chini ya pauni 5,000, badiliko la pauni moja au pungufu linaweza kupuuzwa, na kwa CG badiliko lisilofika asilimia 0.05 ya upana wa wastani wa bawa. Kwa 172 hiyo ni kama tatu ya mia ya inchi. Nyinyi mmehama tisini na moja ya mia. Na hata hivyo vidogo, mimi huviandika, kwa sababu ndege ya umri wa 172N imeshapitia chaja za simu, mazulia, sufi za kuzuia kelele na rangi juu ya rangi, kila kimoja "kidogo tu".

Sasa cha kufanya. Mrudieni fundi mwombe vitu vitatu vya kuanzia: uzito wa kila kilichotoka, uzito wa kila kilichoingia pamoja na waya, mabano na antena, na umbali wa kila kimoja uliopimwa kwa futi ya chuma kutoka ule ukuta wa injini, si kutoka puani wala kutoka kwenye tairi. ADF ilikuwa na antena zake, je, zimetoka au zimebaki? Waya wa HF unaotoka dashibodi hadi mkiani una uzito wake na momenti yake. Vikipatikana hivyo, hesabu ni ya nusu saa, na mhandisi mwenye leseni inayofaa aitie sahihi.

Muulizeni pia kisanduku kimeshikiliwa na nini. Eneo la pili la mizigo kwenye 172N, kuanzia inchi 108 hadi 142, linabeba pauni 50 tu, na maeneo yote mawili ya mizigo kwa pamoja hayavuki 120. Kama kisanduku kimefungwa kwenye sakafu hiyo hiyo, pauni zake 13 zitolewe kwenye hizo 50, na kibandiko cha mlango wa mizigo kisomeke hivyo. Na kazi yenyewe iwe na michoro iliyokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, pamoja na kurasa za nyongeza kwenye kitabu cha rubani. Kama havipo, hilo ni jambo la kumaliza kabla ya kuzungumzia Kilwa.

Ushauri wangu zaidi ya hapo: ipimeni upya kwenye mizani. Kama karatasi yenu imekuwa ikijumlishwa na kutolewa kwa miaka mingi, makosa madogo yamelundikana humo na hesabu mpya itasimama juu yake. Siku ya kupima, ndege ioshwe, ikauke, itolewe kila kisicho chake: chupa za maji, kamba, ile oili ya akiba iliyosahauliwa nyuma ya siti. Kwenye ubavu wa kushoto wa mkia kuna skrubu mbili za kusawazishia. Unaweka pimamaji juu yake, unapunguza upepo wa tairi la mbele taratibu hadi kiputo kikae katikati, ndipo unasoma mizani. Na milango ya hanga ifungwe. Upepo wa bahari unaoingia mchana hapa Dar ukipita juu ya mabawa unainyanyua ndege kidogo, na mizani inasoma pungufu. Fanyeni kazi hiyo alfajiri. Kitabu cha ndege kitawaambia kama uzito mtupu unahesabiwa na oili au bila oili. Vitabu vya zamani na vipya havikubaliani kwenye hilo.

Wakati mnasubiri, msipakie nyuma hata kama hesabu ya kichwani inaonekana nzuri. Baadaye, mkishakuwa na tarakimu halisi, mtaona suluhisho lilikuwa jepesi: kwa mfano wangu, ndugu mmoja wa pauni 180 akihamia mbele pembeni yako, CG inatoka 47.54 inakuja 44.63. Wakigoma kuachana, mabegi yabaki, au waende safari mbili.

Karatasi ya zamani msiichane. Ipigwe mstari, iandikwe "imebatilishwa" na tarehe, ikae kwenye faili la ndege. Ile mpya nakala yake iingie ndani ya ndege siku hiyo hiyo, na mwenzenu aliyeipiga picha ya zamani kwenye simu aifute.