Cal Raleigh hakuibiwa MVP, ingawa mimi ningempa

Mkuu mleta mada, unasema Raleigh kaibiwa MVP, yaani tuzo ya mchezaji bora wa msimu kwenye besiboli ya Marekani, na hasira zako nimezielewa. Cal Raleigh wa Seattle Mariners kapiga homurani 60 (mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja) mwaka 2025, tena ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, timu yake ikaongoza kundi lake, halafu MVP ya American League, moja ya ligi mbili kuu za kule, ikaenda kwa Aaron Judge wa Yankees mwenye homurani 53. Wachangiaji hapo juu wameshamaliza kesi: "New York wanabebwa."

Hilo la kubebwa tulitoe mezani kwanza. Wanaopiga kura ni waandishi wa besiboli, wawili wawili kwa kila timu ya ligi husika. Timu 15, kura 30. New York wana wawili na Seattle wana wawili. Kila mmoja anapanga majina 10: wa kwanza anapata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8, inashuka hivyo mpaka 1. Karatasi zinakusanywa kabla ya mtoano, kwa hiyo zile raha za Oktoba, Mariners walipofika mechi ya saba na Toronto wakabakiza ushindi mmoja waingie fainali, hazikuwa na uzito wowote.

Sasa nikupe kisa changu, maana nami niliwahi kupiga kelele kama zako, ila upande wa aliyeshinda.

Mwaka 2012 nilikuwa zamu ya usiku kwenye ghala la vipuri, nje kidogo ya Detroit. Nimetoka Dar najua Simba na Yanga, basi. Besiboli nilifundishwa na redio ya pale ghalani na mzee mmoja wa foklifti aliyekuwa ananieleza kila kitu mara mbili. (Nilipompigia kaka yangu simu kumwambia huku watu wanalipwa mamilioni kwa ajili ya gongo, alinyamaza kidogo, akaniuliza polisi hawakamati?) Msimu ule Miguel Cabrera wa Tigers, timu ya Detroit, aliongoza ligi kwa vitu vitatu kwa mpigo: wastani wa kupiga .330 (mapigo salama 33 kwa kila 100), homurani 44, na mbio 139, yaani pointi zilizoingia kwa gongo lake, za wenzake na zake mwenyewe. Hayo ndiyo mataji matatu, na hakuna aliyekuwa ameyachukua tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Mji mzima ulikuwa wake.

Halafu kuna kijana mmoja wa zamu yetu, mpole, simu imejaa takwimu, akasema MVP ni Mike Trout wa Angels. Mtoto wa miaka 21, msimu wake wa kwanza kamili! Tulimcheka hadi msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Tukawekeana dau la chakula cha wiki nzima. Novemba matokeo yakatoka: Cabrera kura za kwanza 22, Trout 6. Nilikula kuku wa yule kijana siku tano mfululizo bila aibu.

Leo naamini nilikula cha haramu.

Chukua zile mbio 139. Ukimwona konda wa Mbagala ana burungutu la nauli, kabla hujamsifu uliza daladala yake ilipakia abiria wangapi. Cabrera alikuwa mpigaji hatari sana, sibishi, lakini ili aingize wenzake lazima wenzake wawe tayari wamesimama kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia kuelekea nyumbani, na hiyo ni kazi yao. Trout kwa kawaida ndiye aliyekuwa anafungua safu ya wapigaji wa Angels, anaanza na gari tupu. Hata hivyo akapiga .326 na homurani 30, akakimbia mwenyewe mbio 129, akaiba besi 49 (kuchomoka kwenda besi inayofuata bila kungoja mwenzake apige) na kunaswa mara 5 tu. Kisha nenda kwenye ulinzi: yeye yuko uwanja wa kati anafukuza mipira na kuichomoa juu ya ukuta, Cabrera yuko besi ya tatu, nafasi aliyorudishwa mwaka huo ili Prince Fielder apate besi ya kwanza, na miguu yake ilikuwa inalalamika.

Hoja yetu kubwa ghalani ilikuwa kwamba Tigers waliingia mtoano na Angels hawakuingia. Yule kijana akatujibu kwa sauti ileile ya upole: Angels wameshinda mechi 89, Tigers 88. Tofauti ilikuwa ugumu wa kundi. Mzee wa foklifti aliondoka kwenda kuvuta sigara. Kitu pekee nilichobaki nacho ni kwamba Trout aliletwa ligi kuu mwishoni mwa Aprili, akacheza mechi 139 dhidi ya 161 za Cabrera. Ni hoja halali, ila nyembamba.

Na mataji matatu hayajawahi kuwa tiketi. Ted Williams aliyapata mwaka 1942 na 1947, mara zote mbili MVP ikaenda kwa mwingine. Ya 1947 alikosa kwa pointi moja, 202 za Joe DiMaggio kwa 201 zake.

Turudi kwa Raleigh. Homurani 60 zinaziba macho kama zile mbio 139. Angalia hili: katika kila mara 100 Judge alipokwenda kupiga, alifika kwenye besi karibu 46, Raleigh 36. Pengo hilo ni pana, na wala si propaganda za New York.

Lakini kura yangu ningempa Raleigh, na nakiri magoti yangu yanachangia. Kuna Jumamosi wenzangu wa kazini walinipanga mdakaji kwenye softball, ndugu yake besiboli, kwa kuwa mimi mgeni na hakuna aliyeitaka nafasi hiyo. Kuchuchumaa, kusimama, kuchuchumaa, mpira umenigonga bega, kinyago kinanuka jasho la mtu mwingine. Jumatatu nilipanda ngazi kiubavu. Raleigh alicheza mechi 159, nyingi akiwa amechuchumaa, anawaongoza warushaji mpira kwa mpira, kisha anashika gongo na kupiga 60. Takwimu zinajitahidi kuipima kazi hiyo. Mimi naona bado zinaipunja.

Na waandishi 13 waliona kama mimi, 17 wakaenda na Judge. Pointi 355 kwa 335. Piga hesabu: maana yake wote 30 waliwaweka hao wawili nafasi ya kwanza na ya pili. Wangegeuka wawili tu, ingekuwa sare 345 kwa 345. Wa tatu angegeuka, leo uzi huu ungekuwa umefunguliwa na shabiki wa Yankees.