Wewe wa Kiamunyi, Nakuru, simama hapo hapo!

Eti watu wa jiji wameomba kona ya ploti yako waweke tangi na chemba ya valvu za kunyweshea maua ya barabarani, umeshakubali kwa mdomo, na sasa unauliza utoze kodi gani na kama hati yako itaguswa. Ndugu yangu, kodi iache kwanza. Mtu akivunjika mguu humo ndani, nani atalipa?

Mimi nilikubali hayo hayo, katika mji mmoja wa huku magharibi ambao siutaji. Wanaonijua wacheke kimyakimya. Afisa alikuja na kofia ya kazi na tabasamu. "Mzee, ni kitu kidogo, mali ya umma, wewe huhusiki." Digrii ninayo, lakini siku hiyo niliiacha kabatini. Wakachimba chemba ya kina cha kiuno, wakaweka kifuniko cha chuma, wakaenda zao. Hakuna barua, hakuna mchoro, hakuna hata risiti ya mchanga.

Kifuniko kilidumu wiki tatu. Watu wa vyuma chakavu hawapigi hodi. Nikapiga simu: "Tunashughulikia." Nikapiga tena. Hapo ndipo nikafanya ujinga wenyewe: nikachukua bati kuukuu, nikafunika shimo, nikaweka mawe mawili juu. Nikajiona raia mwema.

Usiku mmoja wa mvua kijana wa boda akakata kona kupitia kwangu. Bati likakunjika, gurudumu la mbele likazama, mguu wake ukavunjika pande mbili. Wakili wake hakwenda kwa manispaa, alikuja kwa jina lililo kwenye hati. Akatoa Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, ile sheria ya wajibu wa anayesimamia mahali, akaniuliza swali moja: "Bati uliweka wewe?" Ndiyo. "Basi ulijua kuna hatari, na shimo ulilisimamia wewe." Wakili wangu anasema hata ningeliacha wazi ningedaiwa tu, lakini angalau ningebaki na bati langu! Manispaa nao wakasema rekodi zao hazina kifaa chochote ndani ya ploti yangu. Na hawakudanganya. Karatasi iko wapi?

Nikalipa shilingi 340,000 nje ya mahakama: ng'ombe wawili wa maziwa na karo ya muhula. Nilipotaka kuwafuata manispaa, wakili akahesabu kwa vidole: madai ya madhara dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Mimi nilikuwa kwenye mwezi wa 17, bado nasubiri "tunashughulikia". Yule afisa wa tabasamu? Alishahamishwa, na simu yangu hashiki.

Sasa sikiliza. Wakitaka kupitisha paipu kwa ardhi ya mtu, Sheria ya Ardhi ya 2012 imewawekea njia: maombi, notisi, Tume ya Taifa ya Ardhi, fidia. Wakitaka mkato kwa hiari yako, walete barua yenye sahihi ya mwenye mamlaka na muhuri, iseme vifaa ni vyao, watavitunza wao, na wewe ukidaiwa kwa ajili ya vifaa hivyo watalipa wao. Na mchoro wa mahali uambatanishwe. Kabla ya hapo jembe lisiguse udongo. Jembe nini, hata kamba ya kupimia.

Umesema wanakuja Jumatatu na umeshawaahidi chai. Mimi pia niliwapikia. Na mandazi.