Jibu: Presha ya tabo inapanda bila kukoma baada ya kubadili bomba la moshi (WRX, TD04)

Salama mkuu? Kwa nilivyokuelewa, umefunga bomba la moshi la inchi 3 kwenye Subaru Impreza WRX yenye tabo (pampu inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini) aina ya TD04, na sasa presha ya hewa inazidi kupanda kadiri mizunguko inavyoongezeka.

Kabla ya kushusha tabo, ruka solenoidi (vali ya umeme inayodhibiti presha): chomeka mpira kutoka kwenye kompresa (upande wa tabo unaosukuma hewa) moja kwa moja hadi kwenye kisukumio cha westigeti (mlango unaopitisha moshi wa ziada pembeni ili presha isizidi). Presha ikitulia, kasoro iko kwenye solenoidi au mipira yake. Ikiendelea kupanda, tundu la westigeti halipitishi moshi wa kutosha, na hapo hausingi ya tabini (ganda la upande wa tabo unaozungushwa na moshi) ichongwe.

Yangu (tabo yenye njia moja ya moshi) nilifunga kifuniko cha westigeti, nikachora ukingo wake kwa ncha ya msumari, kisha nikapanua tundu nikibakiza milimita 2 za kikalio (sehemu ambayo kifuniko hukalia) pande zote. Hapo usiwe na tamaa kabisa, kwani kifuniko kikivuja tabo inachelewa kuamka. Lainisha pia kona ambako moshi unaingilia tundu. Kagua nyufa, osha unga wote wa chuma.

Kwa sasa, tafadhali, usikanyage mafuta hadi mwisho. Presha ikizidi, petroli inaweza isitoshe hewa hiyo; ikipungua kwenye mchanganyiko injini inagonga (mchanganyiko unalipuka ovyo), na pistoni za EJ20, injini ya gari hili, hazivumilii hilo.