Tiba kwa sanaa: ajira na mshahara

Dada, umeuliza kama binti yako wa Masasi anayependa kuchora anaweza kuishi kwa tiba kwa sanaa, yaani kumtibu mgonjwa wa akili au hisia kwa kuchora na kufinyanga. Uingereza cheo hicho kinalindwa na sheria: lazima shahada ya uzamili na usajili, na hospitali za umma huwaanzishia daraja la 6 la mshahara, moja juu ya muuguzi anayeanza. Huku kwetu usisubiri tangazo la kazi ya namna hiyo hospitali za Ligula au Ndanda. Ningekuwa wewe ningempeleka KCMC, hospitali yenye chuo kule Moshi, akasomee tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa aweze tena shughuli zake za kila siku. Uchoraji na ufinyanzi hutumika humo kumsaidia mgonjwa. Uzamili utafuata akipata ufadhili. Ila asiache kuchora, tafadhali! Likizo akae na wachongaji wa Kimakonde, ajifunze mkono wao.