Jibu: Mkuu, usikabidhi hiyo programu bado

Simama kwanza. Umesema programu yako ya Python ya madeni ya wavuvi inafungua faili la madeni.json kwa "w" (yaani kuandika upya) na kuliandika upya kila mtu anapolipa, halafu unauliza ununue UPS gani (betri ya kushikilia umeme ukikatika), uhamie SQLite (hifadhidata ndogo) au la, na kama ext4, mfumo wa Linux wa kupanga mafaili diskini, inatosha. Jamaa hapo juu kakujibu "ext4 ina jenali, haipotezi kitu" (jenali ni daftari la mabadiliko ya diski). Maneno hayo hayo niliuziwa na fundi mmoja pale Makoroboi, Mwanza, tena anakunywa soda yangu.

Ukifungua kwa "w", faili linakuwa baiti 0 papo hapo, kabla hujaandika hata herufi. Ni kubomoa mtumbwi katikati ya ziwa ili mbao zake uunde mpya. Umeme ukikatika hapo, unabaki na jina la faili.

Mimi nilijiona mjanja zaidi: naandika madeni.tmp, nikimaliza naligeuza jina. Wazo zuri, ila nililiacha nusu. Jenali ya ext4, kwa mpangilio wa kawaida, inalinda muundo: majina, folda, ukubwa. Yaliyomo yanaweza kuwa bado kwenye RAM, maana ext4 huchelewa kuyatafutia nafasi diskini. Jina jipya linatangulia, data inabaki nyuma. Watu walilia na mafaili matupu 2009, hadi keneli (kiini cha Linux) ikawekewa kinga kwa wanaobadilisha jina bila fsync, yaani amri ya kulazimisha data ifike diskini kwanza. Fundi wangu aliizima kinga hiyo! Aliweka mpangilio wa noauto_da_alloc, eti mashine iwe nyepesi. Ikawa nyepesi kweli, madeni yote yalitoka.

Umeme ulikatika jioni. Asubuhi, baiti 0. Nikatabasamu, si nina bakapu? Kumbe bakapu inajinakili yenyewe mashine ikiwaka, juu ya nakala ya jana, jina lile lile. Ilikuwa imeshanakili utupu kwa uaminifu wote. Habari zikafika soko la samaki la Mwaloni Kirumba kabla yangu. Kijana aliyekuwa anadaiwa injini alinipa pole kama ya msiba, kisha akauliza kama leo atapata mafuta ya mkopo. Wengine wakawa hawajawahi kukopa maishani mwao. Tajiri hakutaka kusikia habari za keneli, akanikata mimi pesa. Cheka tu, nami nacheka siku hizi.

Kwa hiyo shika hili: usiandike kamwe juu ya nakala nzima pekee uliyonayo. Andika faili la muda kwenye folda ile ile (likiwa diski nyingine, kugeuza jina kutagoma), kisha f.flush(), kisha os.fsync(f.fileno()), ndipo os.replace(). Flush peke yake inaisogeza data kutoka Python hadi kwa keneli, haijafika diskini. Kwenye Linux ipige fsync na folda yenyewe. Bakapu nayo kila moja iwe na tarehe kwenye jina, na faili tupu ikataliwe kabla ya kunakiliwa.

Na fsync ikirudisha kosa, usiirudie ukafurahi ikikubali mara ya pili. Data inaweza kuwa imeshatupwa. Waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL wenyewe walishtukia hilo 2018, wakaamua hifadhidata ijizime ianze kujirejesha kutoka kwenye kumbukumbu zake.

Unakabidhi Jumatatu? Bandika hapa leo hii sehemu yako ya kuhifadhi tuione. Na jamaa wa jenali apite naye.