Kitanda si mahali pa kuwazia

SWALI: Nina ADHD, hali inayofanya iwe vigumu kutulia na kukaza mawazo, na wasiwasi usiokatika. Mtaalamu wa saikolojia alinishauri nitenge muda maalumu wa kuwaza kila siku. Nikachagua kitandani, kabla ya kulala. Siku ya nne usingizi ukapotea, na daftari la kuandikia wasiwasi sijui liko wapi. Je, tiba hii hainifai?

JIBU: Inaweza kukufaa, ila umekosea saa na mahali. Ukiwazia kitandani, mwili unazoea kwamba kitanda ni cha kukeshea. Hamishia zoezi jioni mapema, ukiwa umebakiwa na muda wa saa mbili au zaidi kabla ya kulala, kwenye kiti kilekile, dakika 20 hadi 30, kengele ikilia mwanzo na mwisho. Mchana wasiwasi ukibisha hodi, usibishane nao. Andika maneno mawili matatu daftarini, kama "barua ya bima", kisha rudi kazini.

Muda ukifika, pitia uliyoandika. Mengine yatakuwa yamekwisha kupoa, yakate. Lenye la kufanywa liandikie tendo la kwanza, dogo kabisa, na saa yake. "Kushughulikia bima" haitoshi. Andika: "Jumanne saa 4 asubuhi, fungua bahasha, soma ukurasa wa kwanza." Lisilo na la kufanywa, kama "je, nikija kuugua?", liache hadi kesho jioni.

Kuhusu daftari, hapo ndipo ushauri wa kawaida unapokwama kwa mwenye ADHD. Mtu aliyezoea kusahau hujikuta anakumbuka mambo kwa kuyahofia. Ukimwambia aache hofu bila kumpa pa kuyaweka, akili inagoma, na kwa kweli ina haki. Basi weka orodha moja na kalenda moja, mahali pa wazi. Usitie daftari kwenye droo, maana kisichoonekana husahaulika. Lifunge kwa kamba kwenye kiti chako. Kila miadi itegee kengele mbili, ya dakika 10 kabla na ya wakati wenyewe. Programu tano mpya za simu hazitakusaidia, utazichoka wiki ya pili. Ukiruka siku, usifidie kwa saa nzima; endelea na dakika zako zilezile.

Kama unatumia dawa za ADHD na moyo umeanza kwenda mbio, au wasiwasi umezidi tangu dozi ibadilishwe, mweleze daktari wako, pamoja na idadi ya vikombe vya kahawa unavyokunywa. Usijipunguzie dozi. Na mtaalamu wako mwombe zoezi moja tu kwa wiki, mliandike kabla hujatoka chumbani mwake.