Kupiga picha makaburi ya kale ya pwani: subiri jua la ubavuni

Mtu anayekwenda kwenye makaburi ya Kaole, Kunduchi au Tongoni, katika pwani ya Tanzania, na kamera kwa mara ya kwanza hurudi na picha nyingi za nguzo ndefu za makaburi zenye anga la buluu nyuma yake, na chache sana ambazo maandishi au nakshi zake zinaonekana. Kosa si la kamera. Makaburi haya yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, michongo yake haina kina kirefu, na upepo wa chumvi umeilamba kwa karne kadhaa. Ukisimama na jua mgongoni likilipiga jiwe usoni, kila kitu huonekana bapa. Kinachoibua herufi ni kivuli chake, na kivuli hicho hupatikana pale tu mwanga unapopita ubavuni, karibu uambae na uso wa jiwe.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga safari, fikiria kaburi limeelekea wapi. Katika pwani yetu kibla ni upande wa kaskazini, na kwa kuwa maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekezwa huko, kaburi hulala mashariki kwa magharibi, kuta zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini. Mwezi Juni jua huchomoza na kutua kaskazini kidogo ya mashariki na magharibi halisi, hivyo asubuhi na jioni huuparuza ukuta wa kaskazini vizuri mno, ilhali ule wa kusini hubaki kivulini mchana kutwa. Desemba mambo hugeuka. Ndiyo maana nashauri kaburi lenye michongo pande zote mbili lirudiwe katika msimu mwingine, badala ya kulazimisha picha zote siku moja. Asiyeweza kurudi atumie flashi iliyotenganishwa na kamera, aishike pembeni kabisa mwa ukuta, au amwombe mwenziwe aelekeze mwanga wa jua kwa kioo.

Chokaa nyeupe huidanganya kamera, ambayo huipunguzia mwanga hadi ikawa ya kijivu. Ongeza mwangaza kwenye mipangilio ya kamera kwa hatua moja hivi (+1), kisha ukague kama weupe haujafuta michongo. Lenzi pana siipendi kwa nguzo, kwa sababu ukiinua kamera kidogo tu nguzo huonekana imeegemea nyuma; ni afadhali kurudi mbali na kutumia lenzi ndefu, kamera ikiwa imenyooka juu ya miguu yake mitatu. Hili lina uzito kuliko urembo wa picha. Tongoni, penye makaburi yapatayo 40, nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, na mtaalamu atakayetaka kujua iliyobaki imeinama kiasi gani hatasaidiwa na picha iliyopindishwa na lenzi, wala na ile iliyonyooshwa baadaye kwenye kompyuta.

Kunduchi kuna makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa sahani za kaure kutoka China. Kaure hung'aa, kwa hiyo sogea hatua moja kando hadi mng'ao uondoke. Piga pia vishimo vitupu ambamo sahani zimeng'olewa au kuvunjika, maana ukubwa na mpangilio wake bado unaeleza pambo lilivyokuwa.

Usiliguse jiwe ili lisomeke. Wapo wanaopaka chaki, unga au povu la kunyolea juu ya herufi, na wengine hukwangua kuvu kwa kisu. Chokaa kuukuu hubanduka pamoja na kuvu hiyo, na herufi ikishaondoka hairudi. Usikanyage wala kukalia kaburi kwa ajili ya kutafuta pembe nzuri. Kumbuka pia kwamba mahali hapa si magofu matupu: kaburi la Sharifa huko Kaole bado huzuriwa, na Takwa, katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu, Kenya, watu wa Shela huenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo. Wakiwapo wenye dua, weka kamera mkobani mpaka wamalize. Msimamizi wa eneo aombwe ruhusa mapema, hasa kwa miguu ya kamera na droni.

Kwa kila kaburi mimi huanza na picha ya mbali inayoonyesha majirani zake, kisha pande zote nne, kisha maandishi kwa karibu, rula ikiwa imewekwa chini kando ya ukuta. Maandishi yenye tarehe yapigwe mara nyingi kwa mianga tofauti, kwa sababu ndiyo yenye thamani kubwa: kaburi moja la Gedi, mji wa magofu katika pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, limewasaidia sana watafiti kukadiria umri wa mji ule. Tarakimu ikiwa imefutika, andika tu kwamba imefutika. Jina la faili liwe na mahali, namba ya kaburi, upande wa dira na tarehe ya kupiga, na nakala ya picha zote apewe msimamizi wa eneo.